Wakwe wa Tusekile

Kama Tusekile angekuwa na ujasiri wa mikutanoni robo tu ya ule aliokuwa nao jikoni, leo angekuwa mbunge, tena wa kuogopwa. Jikoni kwake pale Kawetele hakuna aliyemweza. Angekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, sufuria ya ndizi ikitokota kwenye jiko la gesi, akimweleza baba mkwe wake mambo ya chai kuanzia shambani mpaka kiwandani. Nani anachelewa kuchuma mpaka majani yanakomaa. Nani anayashindilia kwenye viroba vya mbolea mpaka yanaungua kabla gari halijafika. Aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Mzee Anosisye, ambaye tangu afiwe na mkewe aliishi na mwanawe na mkamwana, alikunywa chai yake taratibu na mara mojamoja akisema, "Ee, gwe!" ili hotuba isonge mbele.

Sasa mchukue mtu huyohuyo umpeleke kwenye mkutano. Yesu wangu!

Tusekile alikuwa kaimu msimamizi wa ubora wa majani katika chama cha ushirika cha wakulima wa chai. Alikuwa amekaimu muda mrefu hadi wakulima wengine walidhani Kaimu ni jina la ukoo. Kazi aliijua. Kilichomshinda ni dakika ile mwenyekiti anaposema, "Sasa tumsikie Mama Lusungu," akimwita kwa jina la mwanawe. Hapo mate yanakauka, tumbo linaanza kunguruma, na magoti yanafanya kikao chao wenyewe bila kumshirikisha. Kwenye vikao vya Jumatatu vya ofisini alikaa karibu na mlango, na zamu yake ikifika alisema, "Mimi sina la kuongeza." Mwongo mkubwa! Alikuwa nalo tele. Aliliongeza lote jioni, jikoni, kwa Mzee Anosisye.

Jenifer, karani wa chama na shoga yake, alimtafutia dawa kwenye simu. "Wanasema hivi, watazame watu wote kama kabichi. Nani anaogopa kabichi?" Tusekile akajaribu kwenye kikao kidogo cha wachumaji. Kabichi zilikuja vizuri tu, safu kwa safu. Shida ni kwamba yeye ni mtu wa kilimo. Akaanza kuangalia ipi ina wadudu na ipi imepasuka, na alipozinduka watu wote walikuwa wanamtazama, hata salamu hajatoa. Akasema mkutano umeahirishwa.

Halafu siku moja, kule Masoko, akapata dawa yake mwenyewe.

Ulikuwa mkutano wa wakulima, uwanja umejaa. Mwenyekiti Amoni, mtu mnene mpole ambaye hakuwahi kumkatisha mtu maneno, alimwinamia akasema ajiandae, yeye ndiye anayefuata. Tusekile akatafuta pa kukimbilia. Macho yakaangukia safu ya mbele, kwa mzee mmoja wa koti la kahawia ambaye hakuwahi kumwona tangu azaliwe. Na mdomo wake, ule uliokuwa umekauka, ukafunguka wenyewe.

"Mwenyekiti, siwezi. Yule pale ni mkwe wangu."

Watu wa Rungwe hawahitaji kuelezwa zaidi. Zamani mkamwana wa Kinyakyusa hakukutana uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani, anajitosa migombani mpaka apite. Hali chakula naye, hasemi mbele yake. Na si yeye tu, hata ndugu zake na wazee wa rika lake. Siku hizi wengi wameiacha desturi hiyo, lakini bado ukiitaja watu wanakaa sawa.

Mwenyekiti Amoni alikaa sawa. Machozi yalimlengalenga. "Kumbe mabinti wa namna hii bado wapo!" akasema, kisha akasimama akawatangazia watu wote. Tusekile akapigiwa makofi marefu kuliko aliyopigiwa msemaji yeyote siku ile, na hajafungua kinywa. Mzee wa koti la kahawia, ambaye ukoo wake ni mpana na wakamwana wake hawajui wote, alitikisa kichwa kwa fahari.

Basi, utamu ukamkolea. Mkutano wa Bagamoyo, pale mjini Tukuyu, akaona mkwe mwenye baragashia. Kawetele kwenyewe akaona mkwe mwenye fimbo. Kila palipokuwa na mkutano palikuwa na mzee, na kila mzee alikuwa mkwe. Sifa zake zikaenea. Akina mama walimtolea mfano kwa binti zao. Mchungaji akamtaja kanisani. Tusekile alisikiliza yote hayo ameinamisha kichwa, watu wakasema tazama, hata kusifiwa anaona haya.

Alikuwa anaona haya kweli. Maana huko nyumbani, mkwe wake halali, wa ndoa, aliyeidhinishwa na kanisa, alikuwa mzee wa kanisa aliyeitupa desturi ile siku ileile bibi harusi alipoingia ndani. "Kaa hapa mezani, mwanangu, unipe chumvi," alimwambia. Tangu hapo Tusekile alimpa chumvi, na maneno pia. Alimgombeza kwa sukari nyingi, kwa viatu vya tope, na zaidi ya yote kwa kifua, kwa sababu Mzee Anosisye alikuwa na kikohozi kibaya na bado alipenda kutoka kwenye mvua bila sweta.

Hesabu ya uongo wake ikaja kudaiwa kwenye mkutano mkuu.

Chama kiliamua kuacha mambo ya kukaimu. Nafasi ya msimamizi ingejazwa rasmi, na wanachama wangechagua kwa kunyoosha mikono. Majina yalikuwa mawili, la Tusekile na la Abrahamu wa banda la kupimia majani. Kila mmoja angesimama mbele ya wanachama wote na kueleza kwa nini kiwanda kinakataa majani yao, na nini kifanyike msimu ujao. Atakayeshindwa angerudi kwenye banda la kupimia, chini ya mwenzake. Chini ya Abrahamu! Kijana ambaye ukimwonyesha jani la parachichi anaweza kukuambia ni chai bora. Lakini mpe kipaza sauti uone.

Tusekile hakula vizuri wiki nzima. Aliitaka ile kazi. Aliitaka kwa sababu alikuwa akiifanya, na kwa sababu hakuna kilichomuuma kama kuona majani mazuri yakimwagwa kando ya barabara. Akaapa: safari hii nasimama. Kila asubuhi aliingia kwenye michai akawahutubia wachumaji wasiokuwepo. Michai ilimsikiliza vizuri sana. Haikuuliza swali hata moja.

Asubuhi ya mkutano alimfuata mkwe wake mezani.

"Baba, leo usiende. Mvua itanyesha, na kifua chako nakijua."

Nusu ya sababu ilikuwa kifua. Nusu nyingine tuiache.

"Sawa, mwanangu," alisema Mzee Anosisye, upesi mno kwa mtu ambaye kwa kawaida hubishana hata juu ya saa.

Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Abrahamu alianza. Alizungumza juu ya mnyororo wa thamani, juu ya fursa, juu ya kufikiri kimkakati, akitembea huku na huku kama mtu aliyelipia sakafu. Majani ya chai hakuyataja kabisa. Watu walipiga makofi, kwa sababu lilikuwa jambo zuri kusikia kijana wa kwao anasema maneno ambayo hawakuyaelewa.

Tusekile akajikaza. Akavuta pumzi. Akainuka nusu ya kiti.

"Kabla hatujaendelea," alisema Mwenyekiti Amoni kwa sauti ya upole, "nina jambo. Sote tunaijua heshima ya Mama Lusungu. Na leo nimemwona baba mkwe wake mwenyewe, Mzee Anosisye, amekuja. Yule pale nyuma."

Tusekile akageuka. Kweli, yule pale nyuma, amevaa kofia yake ya kanisani, na hana sweta.

"Sisi si watu wa kumvunjia mtu heshima," aliendelea mwenyekiti. "Kwa hiyo tumepanga Mama Lusungu asipate taabu. Atampa Abrahamu karatasi yake, na Abrahamu atamsomea."

Abrahamu akanyoosha mkono, anatabasamu. Hapo ndipo Tusekile alipojidharau kuliko siku zote za maisha yake. Maana moyo ulisema hapana, hiyo ni kazi yangu inaondoka, lakini magoti yakasema amina. Mkono wake, mjinga ule, ulikuwa umeshaanza kuitoa karatasi.

"Mwenyekiti." Mzee Anosisye alikuwa amesimama. "Nimesikia. Sikutaka kuwa kikwazo. Kama ni mimi ninayemzuia mkamwana wangu asiseme, basi mimi natoka. Aseme kwa raha."

Akaweka kofia yake sawa, akatoka nje polepole.

Kisha mzee wa koti la kahawia, yule wa Masoko, akainuka kwa shida. "Hata mimi ni mkwe wake. Natoka." Akafuata mzee wa baragashia wa Bagamoyo. Akafuata wa fimbo. Halafu wakaanza kusimama wengine ambao Tusekile alikuwa amekwisha kuwasahau: wa Masoko mwingine, wa miwani, wawili waliofanana. Walipokaribia mlango walitazamana kwa mshangao, kila mmoja akijiuliza ukoo huu ulipanuka lini. Na kwa kuwa desturi inahusu rika pia, wazee wengine ambao hawakusingiziwa lolote nao waliona ni adabu kutoka. Safu za mbele zikabaki viti vitupu.

Ndipo mvua ikaanza. Si manyunyu. Ni ile mvua ya Tukuyu inayoangukia bati hadi mtu hajisikii akifikiri. Kupitia madirishani Tusekile aliwaona wakwe zake wote wamejibana chini ya upenu mwembamba. Baadhi walikuwa wamekata majani ya migomba wakajifunika kichwani. Walisimama kwa heshima kubwa, wakilowa.

"Karibu, Mama Lusungu," alisema mwenyekiti. "Sasa uko huru."

Huru! Akasimama mbele ya akina mama na vijana waliobaki, karatasi mkononi. Akajaribu kabichi, zikakataa kuja. Akafungua kinywa, na kinywa hakikutoa kitu. Abrahamu akakohoa kidogo kwa dharau.

Kisha kikasikika kikohozi kingine, kutoka nje. Kirefu, kizito, chenye mkwaruzo mwishoni. Kile alikijua hata usingizini.

Hakufikiri. Angefikiri, angekufa palepale. Alitupa karatasi, akaenda dirishani, akashika nondo kwa mikono miwili.

"Baba! Wee Baba! Nilikuambia nini asubuhi? Nilikuambia usije! Sweta liko wapi? Liko kwenye kiti, nimekuwekea mwenyewe, umelipita kama hulioni! Jana nimekukanda kifua na mafuta, leo unakwenda kusimama kwenye maji ya bati! Unataka nikuzike? Ingia ndani sasa hivi!"

Sauti ile iliishinda mvua. Ilifika mpaka barabarani, na mwendesha bodaboda mmoja alisimama akidhani anaitwa yeye.

Mzee Anosisye alimtazama kupitia nondo. "Lakini mkamwana wangu," alisema kwa unyenyekevu, maji yakimtiririka kwenye kofia, "si huwa husemi mbele yangu?"

Tusekile akageuka polepole. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama. Jenifer alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa na mabega yanamcheza. Mwenyekiti Amoni alikuwa kama mtu aliyeona kuku anaogelea.

"Mama Lusungu. Huyu si ndiye mkwe wako?"

"Ndiye, mwenyekiti."

"Na unamsemesha?"

"Kila siku!" alijibu Mzee Anosisye kutoka nje. "Hata tukiwa tunakula!"

Mzee wa koti la kahawia akasogeza jani lake la mgomba, akachungulia dirishani. "Ngoja kwanza. Sasa mimi nimelowa kwa sababu gani?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na hapakuwa na mkwe wa kujificha nyuma yake. Wote walikuwa nje, wanalisubiri jibu.

"Kwa sababu ya woga wangu, Baba," alisema Tusekile. "Wewe si mkwe wangu. Hata hatujuani. Naogopa kusema mbele za watu, basi. Nikiitwa kusimama, tumbo linanikata, nikaona bora nikusingizie. Nimewasingizia wote. Nisameheni, wazee wangu, ingieni ndani."

Halafu mama mmoja nyuma akaangua kicheko, na mwingine, na ukumbi wote ukacheka. Tusekile alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Wazee waliingia mmoja mmoja wakikung'uta makoti, na yule wa koti la kahawia akakaa kwenye kiti chake cha mbele, maji yakimchuruzika mpaka sakafuni. Akakunja mikono.

"Nimelowa bure," akasema. "Haya, hotuba yenyewe iwe nzuri."

Basi Tusekile akaitoa. Magoti yalitetemeka mwanzo hadi mwisho, wala hakuyaficha, maana kulikuwa hakuna tena cha kuficha. Karatasi ilikuwa imekanyagwa, kwa hiyo aliwatupia maneno ya jikoni. Akawauliza maswali na kuyajibu mwenyewe. Akawagombeza wanaochelewa kuchuma, mpaka mama mmoja akalalamika kwamba anatazamwa yeye. Alipokwama, alimtafuta Mzee Anosisye, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, amevikwa kitenge cha Jenifer mabegani.

"Viroba," alisema mzee. "Umesahau viroba."

"Viroba!" alisema Tusekile, na hapo akawaka kwelikweli. Akaeleza jinsi jani linavyopumua, jinsi linavyoungua likishindiliwa, kwa nini lipelekwe kwenye kapu au neti na gari lifike kabla ya jua kuwa kali. Hakuna aliyesinzia. Abrahamu mwenyewe alionekana akiandika.

Ilipofika saa ya kura, mwenyekiti alikuwa bado anapangusa macho, safari hii kwa sababu nyingine. Kabla mikono haijanyooshwa, Mzee Anosisye akaomba neno moja.

"Ndugu zangu, mpeni hiyo kazi. Akipata watu wengi wa kuwagombeza huko, huenda nami nikanywa chai yangu kwa amani."

Mikono ikanyooshwa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa koti la kahawia, bado unadondosha maji.

Jioni ile, jikoni, Tusekile alimwekea mkwe wake beseni la maji ya moto miguuni na kumfunika blanketi mpaka shingoni. Kisha akavuta kigoda, akakaa.

"Baba, ulijua?"

"Tangu msimu uliopita. Yule wa koti la kahawia alinifuata baada ya ibada, akanishika mkono. 'Ndaga fijo, asante sana, ndugu yangu,' akaniambia, 'tuna mkamwana mmoja, na heshima yake sijapata kuiona.' Nikamwambia ndiyo."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambiaje? Asubuhi unanigombeza kwa sukari. Natoka nje, watu wananipisha njia, wanasema huyu ndiye mzee ambaye mkamwana wake hathubutu hata kumwangalia. Gwe, mwanangu, nilikuwa najisikia kama chifu."

Tusekile akacheka hadi akashika ubavu. Mzee hakucheka. Alikuwa anatazama maji ya beseni.

"Lakini leo walitaka kukunyang'anya kazi yako kwa jina langu," alisema. "Nilipoona unampa yule kijana karatasi, nikasema hapana. Uchifu wa namna hiyo siutaki."

Tusekile akainuka upesi akageukia sufuria, akakoroga kisichohitaji kukorogwa, akapangusa macho kwa ukingo wa khanga.

"Moshi huu," akasema.

Mzee Anosisye alilitazama jiko la gesi.

"Na Jumatatu kuna kikao," aliendelea Tusekile, bado amempa mgongo. "Nimeambiwa nikifungue mimi. Tumbo limeshaanza."

"Nitakuja nisimame dirishani."

"Uje usimame dirishani na kifua hicho? Thubutu!"

Mzee akakohoa, na Tusekile akageuka, mwiko mkononi, akaanza upya.